Siku Nilipoifukiza Ndege ya Rukia

Nikikatiza sokoni Bagamoyo siku hizi kuna vijana wa bodaboda wananiita Mama Moshi, na mimi huitika, maana nikikasirika ndiyo kwanza wanaongeza sauti, na isitoshe wana haki yao, video wameiona, nimo mle ndani nimejaa unga mweupe kuanzia ushungi mpaka kandambili, nakimbia katikati ya kiwanja cha ndege na chetezo cha udi mkononi kama mtu aliyekosea njia ya harusini. Basi leo nimeamua niwasimulie mwenyewe, maana yanayosemwa huko mitaani yametiwa chumvi mpaka hayalambiki (wapo wanaosema niliichoma ndege ikiwa angani, jamani, angani!). Ndege ilikuwa chini, imetulia, injini imezimwa, na ndani hamkuwa na mtu ila mimi. Aibu yangu inatosha hivyo ilivyo, haihitaji kusaidiwa.

Nina binti mmoja tu, Rukia, na Rukia ni rubani. Nalisema hili mapema kwa sababu hata nikijizuia litanitoka, mume wangu Shomari husema hajawahi kuona mteja akinunua udi kwangu akaondoka bila kujua kwamba mwanangu anarusha ndege. (Nauza udi na marashi, kibanda changu kiko karibu na stendi, udi naupika mwenyewe kwa sukari na liwa, na anayeujua hauulizi bei mara mbili.) Ndege anayoirusha ni zile ndogo, mabawa juu, magurudumu hayakunjwi, panga boi moja puani na injini moja nyuma ya hilo panga boi, ndizo hizo mnaziona zikipita juu ya Kaole zikielekea Unguja. Injini moja. Hiyo moja ndiyo iliyoninyima raha.

Kwa muda mrefu Rukia alikuwa akikaa kiti cha kulia, kiti cha msaidizi. Siku aliponipigia simu kuniambia kwamba wanamwandaa kuhamia kiti cha kushoto, kiti cha kapteni, nilipiga vigelegele mpaka jirani wa duka la simu akaja kuuliza nani kaolewa. Kisha wateja wakapungua, mchana ukawa mzito, nikachukua simu, nikaandika aina ya ndege ile na neno "ajali". Hapo ndipo nilipojitafutia balaa.

Wenzangu, simu haina huruma. Ilinimwagia ajali za nchi ambazo hata sikujua kama zipo, na mimi badala ya kuizima nikavuta kigoda nikasoma, leo nikasoma, kesho nikasoma, udi ukawa unaungulia jikoni nami niko na ndege iliyotua kwenye mto wa watu. Nilipozoea nikaanza kuona jambo. Injini kuzimika yenyewe ilikuwamo, ndiyo, lakini mara nyingi habari ilianzia chini, kwa binadamu. Mmoja alizidisha mizigo. Mwingine mafuta yake yaliingia maji naye hakuyatazama. Mwingine aliona wingu akajiambia atapenya. Mwingine alitua kwenye majani yaliyolowa bila kujua kiwanja kikoje. Kila mmoja ukimfuata nyuma unamkuta mahali amesimama anajiambia, kidogo tu, haidhuru. Niliwachukia watu wale. Nilikuwa nakaa pale kibandani nawasema kwa sauti, "Wee mpumbavu, ungekwenda kuyatazama hayo mafuta ungepungukiwa nini?" mpaka siku moja bibi mmoja akaweka chupa ya marashi chini akaondoka, kadhani namsema yeye.

Rukia alipokuja nyumbani kupumzika nilikuwa nimeshaiva.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Mafuta unayatazama?"

"Mafuta gani tena, Mama?"

"Ya ndege. Kama yana maji."

Akacheka, akaketi kwenye mkeka, akanieleza yote, na mtoto yule ana subira, hakuipata kwangu. Akaniambia kabla ya safari hukinga mafuta kidogo kutoka chini ya bawa kwenye kikombe cheupe, anayainua juani, kama yana maji yanakaa chini na jicho linayaona. Akaniambia abiria wanapimwa uzito mmoja mmoja pamoja na mizigo. Akaniambia injini ikizimika ndege haidondoki kama nazi, inateleza hewani ikishuka taratibu, na rubani wakati wote anajua ni wapi atakapoiweka, ufukweni au shambani.

"Na mkiwa katikati ya maji?"

"Ndiyo maana tunapaa juu vya kutosha, Mama, tupate kuteleza mpaka nchi kavu. Na majaketi ya kuelea yapo chini ya viti."

"Na hizo ajali zote nilizozisoma?"

Akanishika mkono. "Hiyo historia ndiyo mwalimu wetu. Kila kilichotokea kimeandikwa ili kisitokee tena. Mtu wa kuogopa si yule aliyekosea akasema. Ni yule anayeficha."

Maneno yale nikayaweka moyoni, nikajiona nami sasa ni nusu rubani.

Basi zikapita siku, akatuletea habari njema. Ndege yao itakuja kwenye kiwanja cha vumbi kilichoko huko upande wa Makurunge kuwachukua wataalamu wawili wa miwa, mabwana wa shamba la sukari, iwapeleke Unguja, na viti vitabaki, na kampuni imekubali baba na mama wa rubani wapande. Dada yangu Mgeni anaishi Unguja na mimi boti hunichafua tumbo kabla haijang'oa nanga, kwa hiyo nilimshukuru Mungu mara mbili. Ila jioni ya kuamkia safari Rukia akapiga simu, sauti imebadilika.

"Mama, kuna jambo. Kesho kiti cha kulia atakaa Kapteni Tesha. Ni mkubwa wetu, anakuja kunikagua. Akiridhika, kiti cha kushoto kinakuwa changu. Asiporidhika narudi kulia, na sijui mpaka lini."

"Basi tusije, mwanangu."

"Njooni, Mama, nataka muwepo. Ila nakuomba kitu kimoja tu. Usiseme na mimi. Wala na yeye usiseme. Nakujua, utamwambia habari za ajali."

"Nikishakanyaga kiwanjani sitasema neno mpaka tufike Unguja."

"Kweli?"

"Wallahi."

Nawaombeni mlikumbuke hilo, maana ndilo lililoniponza. Watu wanaonijua wanadhani siwezi kunyamaza. Mimi nikiapa kunyamaza, hunyamaza kwelikweli.

Asubuhi napanga mkoba, chetezo kikanitazama kutoka pale juu ya kabati. Sasa nyie wenyewe ni watu wa pwani, sina haja ya kuwaeleza. Kwetu kitu hakianzi hivihivi kikavu. Rukia mwenyewe alipotolewa nje arobaini yake alifukizwa, cherehani yangu ilifukizwa, kibanda kilifukizwa, pikipiki ya mpwa wangu tuliifukiza mpaka yeye mwenyewe akakohoa. Leo mwanangu anakwenda kukalia kiti kipya, kiti kinachoshikiliwa hewani na injini moja, kisifukizwe? Nikawaza, hawa wamekagua mafuta, wamekagua matairi, wamekagua mawingu na uzito, la udi hakuna aliyelifikiria. Nitalifanya mimi, chini, mlango ukiwa wazi, dakika moja tu, wala hawatajua. Nikakifunga chetezo ndani ya kanga, nikatia udi wa harusi, ule wa ndani kabisa ambao siuzi ovyo, pamoja na kiberiti, kisha kiberiti nikakitoa (nilisoma kwamba kiberiti hakitakiwi kwenye ndege, si mmeona jinsi nilivyokuwa mwangalifu?).

"Mama Rukia, mkoba wako unanukia," akasema Shomari tukiwa ndani ya bajaji.

"Ni marashi ya Mgeni."

Akanusa tena, akageukia mzigo wake. Yeye alikuwa amepakata kikapu cha mananasi ya Kiwangwa, amekishindilia magazeti yasigongane.

Kiwanjani tulimkuta Mzee Pazi, ambaye kazi yake ni kufukuza mbuzi na ng'ombe ndege zinapokuja, ana banda lake la makuti, mtungi mwekundu wa kuzimia moto umening'inizwa nguzoni, na jiko la mkaa anapochemshia chai. Wale mabwana wa miwa walikuwa wameshafika. Ndege ikashuka kutoka upande wa bahari, ndogo, nyeupe, ikaruka ruka kidogo kwenye udongo ikasimama, na aliyeshuka mlango wa kushoto ni mwanangu, shati jeupe, mistari mabegani, miwani ya jua. Nilitaka kupiga kigelegele nikakimeza. Nyuma yake akashuka Kapteni Tesha, mtu wa bara, mrefu, hana maneno mengi, ana karatasi na kalamu.

"Shikamoo, Mama," akanisalimia kwa adabu.

Sasa nimjibu, nisimjibu? Nimeapa. Nikainamisha kichwa, nikatabasamu kwa nguvu zote. Shomari akaitikia kwa niaba yangu, "Marahaba, marahaba, mama leo koo," na Kapteni Tesha akanipa pole ya koo. Kisha ikaja mizani. Tulipanda mmoja mmoja, na nilipopanda mimi Kapteni akausoma uzito wangu kwa sauti, kwa sauti jamani, mbele ya mabwana wa miwa, nami nilikuwa na maelezo ya kutosha kuhusu buibui zito na mkoba, lakini nikanyamaza. Shomari akageuka kutazama ng'ombe, mabega yanamtikisika.

Mizigo ikapangwa nyuma ya viti vya mwisho, kikapu cha mananasi kikiwa juu. Mkoba nikabaki nao. Nikamwona Rukia anaizunguka ndege, anapitisha kiganja kwenye panga boi, anainama chini ya bawa, anakinga mafuta, anainua kikombe juani na kukikazia macho. Machozi yakanilenga. Mtoto huyu nilimfundisha mimi kuchagua mchele, leo anachagua maji ndani ya mafuta.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, kwa hiyo Kapteni Tesha akasema, "Twende tukakikague kiwanja," wakaondoka kwa miguu, yeye, Rukia na Mzee Pazi, wakaelekea mwisho kule kwenye majani. Mabwana wa miwa na Shomari walikuwa kivulini nyuma ya banda wanabishana juu ya bei ya sukari. Mlango wa ndege wazi. Ngazi ipo. Nikajiambia, dakika moja tu.

Nikaenda kwenye jiko la Mzee Pazi, nikachukua kaa moja (nikachukua na la pili, moja lilionekana halina moyo), nikatia kwenye chetezo, nikapanda. Wenzangu, ndani ya ndege ile ni padogo kuliko kibanda changu. Nikaanza nyuma, kiti kwa kiti, nasoma Ayatul Kursiy kimoyomoyo, moshi unanizunguka, harufu inapanda, harufu ya harusi kubwa. Nilipofika mbele, kwenye kiti cha kushoto, nikasimama. Nikakifukiza kiti, nikaufukiza mkanda, nikaufukiza usukani, nikamwomba Mungu amrudishe mwanangu chini kila anapopanda juu, na hapo nilisahau kabisa habari ya dakika moja.

Kumbe kiwanja chenyewe ni kifupi. Nikasikia sauti zao zinakaribia.

Mtu mwenye akili angeshuka na chetezo chake, akaona haya kidogo, yakaisha. Mimi nikaogopa Kapteni Tesha asimwone mama mzazi wa mkaguliwa anatoka na moto kwenye ndege. Nikakimbilia mkiani, nikakichomeka chetezo nyuma ya kikapu cha mananasi, na ili moshi usionekane nikakifunika kwa ile kanga. Kanga juu ya makaa, magazeti pembeni. Kisha nikakaa kiti cha nyuma, nikafunga mkanda, nikatazama mbele kama mtu aliyezaliwa ndani ya ndege.

Harufu ya harusi ikabadilika. Kwanza ikawa kanga inaungua, kisha ikawa gazeti, kisha moshi mwingine kabisa, mweusi mweusi, ukaanza kunipita mabegani ukielekea mlangoni.

Nje Kapteni Tesha akapiga ukelele, "Moshi! Moshi kwenye ndege!"

"Nani yumo ndani?" Hiyo ni sauti ya Rukia.

"Mama yako!" Shomari akajibu, na sauti ya mume wangu siku ile sitaisahau, haikuwa na mzaha hata chembe.

Nilitaka kuitika. Mdomo ukafunguka, ukakumbuka kiapo, ukajifunga, kisha kikohozi kikaumaliza ubishi. Mkanda nao ukakataa kufunguka, nilikuwa nauvuta badala ya kuubonyeza. Na nyie mlioko hapa mnanicheka, ila nawaambia ukweli, nilipoona ncha ya moto mdogo wa manjano inalamba kikapu niliingiwa na hofu sijapata kuiona. Nilikuwa nimesoma. Nilijua moto ndani ya ndege ni nini, na mafuta yako wapi, yako juu ya kichwa changu, ndani ya yale mabawa.

Nikamsikia Rukia anaamrisha, hatetemeki, "Mzee Pazi, wapeleke wote kule upepo unakotoka! Asisogee mtu kwenye mabawa! Nipe mtungi!" Kisha akaingia. Watu wote wanakimbia kutoka kwenye ndege, yeye anakimbilia ndani. Akabonyeza mkanda wangu mara moja ukafunguka, akanisukuma mlangoni, "Toka, Mama, acha kila kitu, toka!" akaufungua mtungi, na unga mweupe ukafunika ndege nzima, kikapu, viti, mananasi, na mimi mama yake mzazi.

Sasa aliposema niache kila kitu, nawaapia nilimsikia. Lakini akili yangu ilikuwa imeshika jambo moja tu, kwamba moto wangu usibaki kwenye ndege ya mwanangu. Nikarudi hatua moja, nikapenyeza mkono nyuma ya kikapu, nikakinyakua chetezo, nikashuka nacho ngazi, nikasimama chini ya bawa, pale pale mafuta yalipokingwa.

"Mbali na bawa!" Kapteni Tesha akalia. "Mama, peleka mbali! Mbali!"

Nikakimbia. Nikakikamata kile kiwanja kwa urefu wake, buibui limepanda magotini, unga unanifuka mgongoni, Kapteni Tesha nyuma yangu anapiga kelele niweke chini, mimi namsikia anasema mbali, nazidi kukimbia, na wafanyakazi wa shamba la miwa walioufuata moshi wamejipanga pembeni na simu zao. Hiyo ndiyo video. Nilipoishiwa pumzi nikakiweka chetezo kwenye majani, nikatazama ndani. Makaa yalikuwa yamezimika zamani, yamefunikwa na unga.

Wakanizunguka. Kapteni Tesha anahema, amevua kofia.

"Mama, hiki ni nini?"

Nikamtazama Rukia. Kimya.

"Mama, sema," akaniambia Rukia, na macho yake yalikuwa mekundu, sijui kwa moshi au kwa nini. "Nimekuruhusu."

"Ni udi."

"Udi?" akauliza Kapteni.

"Wa harusi," nikasema. "Ule mzuri."

Hakuna aliyecheka. Kapteni Tesha akarudi kuitazama ndege. Zulia la nyuma limeungua pahala, ukuta umeingia masizi, unga ule nao unakula vyuma, kwa hiyo ndege haiendi popote mpaka fundi aje kutoka Dar kuikagua yote. Mabwana wa miwa wakapiga simu waletewe gari. Rukia akaketi kwenye ngazi ya ndege, shati jeupe limechafuka, na nikajua nimefanya nini. Wale watu wote niliowatukana kule kibandani wakanijia mmoja mmoja, yule wa mizigo, yule wa mafuta, yule wa wingu, wakasogea wakanipisha nikae nao.

Nikamfuata Kapteni Tesha. Nilishasahau kunyamaza.

"Baba, kosa ni langu peke yangu. Mtoto hajui lolote. Usimrudishe kulia kwa ajili yangu, nakuomba, nitapiga magoti."

"Usipige magoti, Mama," akasema, na hakusema kwa ukali. Akamgeukia Rukia. "Hili lazima liandikwe, unajua. Taarifa itafika kwa wakubwa."

"Nitaiandika mwenyewe," akasema Rukia.

"Unaweza kuandika 'abiria mmoja'. Ndivyo ilivyokuwa."

Rukia akasimama. Nilimwona akinitazama mimi kwanza, kisha ndege, kisha Kapteni. "Hapana, Kapteni. Nitaandika ni mama yangu. Na nitaandika kwamba niliondoka nikaiacha ndege wazi, bila mtu wa kuiangalia. Yeye aliwasha. Mlango niliuacha mimi."

Nilitaka kumziba mdomo. Mtoto anajikaanga mwenyewe mbele ya anayemkagua! Kapteni Tesha akaikunja karatasi yake bila kuandika kitu, akaitia mfukoni. "Mlango tuliuacha wote wawili," akasema. "Lakini leo sitii saini." Na saini hakutia.

Sitawasimulia siku zilizofuata, maana nilizipitisha kitandani nikiutazama ukuta, chai sinywi, kibanda sifungui. Shomari ndiye aliyenitoa. Alikuja na nanasi moja lililonusurika, amelimenya, akaniwekea sahani kifuani akasema, "Kula, Mama Rukia, limeshafukizwa," nikacheka huku nalia, ndipo nikaona nitapona.

Rukia alirudishwa kulia. Nalisema hivyo hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa, na kila alipokuja nyumbani hakunilaumu hata kwa jicho, jambo lililoniuma kuliko kama angenipigia kelele. Halafu siku moja nikiwa kibandani simu ikalia, alikuwa Rukia, akasema, "Kushoto, Mama." Nikajua. Wamemkagua upya, amepewa kushoto, na aliyetia saini ni Kapteni Tesha. Nikamuuliza alisema nini yule mtu wa bara asiye na maneno. Rukia akaniambia wakubwa walitaka kumsubirisha zaidi kwa sababu ya ile taarifa, Kapteni akawajibu kwamba ni kwa sababu ya ile taarifa anamtaka kushoto, maana aliyeandika kosa la mama yake hataficha la injini.

Siwezi kuwaeleza nilivyojisikia. Kigelegele hakikutoka hata kimoja.

Kampuni sasa wana sheria, ndege haiachwi wazi bila mtu, na marubani wapya wakiingia wanaelezwa sababu yake, zulia lililoungua, chanzo udi. "Ile historia uliyokuwa ukiisoma, Mama," Rukia akaniambia, "na wewe sasa umo." Nikamjibu angalau nimo na sikuua mtu. Akasema ndiyo, na mimi nimekuwa mwalimu.

Tulikwenda Unguja mwishowe. Kapteni Rukia mwenyewe ndiye aliyenipekua mkoba, mbele ya abiria wote, "Samahani, Mama," akatoa mpaka kichupa cha marashi akakinusa. Mizani nikapanda bila maelezo. Tukapaa, Kaole ikapita chini yetu na ile mikoko yake, nikawa nimetulia kabisa, mkono nimempa Shomari. Halafu nikasikia harufu. Udi. Nikamkamata mume wangu kwa kucha, "Shomari! Moshi!" na nilisema kwa sauti, ndege nzima ikageuka.

Shomari akanyoosha kidole mbele, kiti cha kushoto. "Shati la mwanao," akasema. "Si ulilifukiza jana mwenyewe?"

Nilikuwa nimelifukiza, ndiyo, juu ya tenga la kufukizia nguo, uani kwangu.

Basi nimeapa tena, na mnanijua nikiapa. Moto na ndege sivikutanishi mpaka naingia kaburini. Udi wangu unapanda angani ukiwa kwenye kola tu. Kila akija kulala nyumbani nalifukiza shati, makaa nayamwagia maji mpaka yanaacha kulalamika, na asubuhi akilivaa namwambia, "Mafuta uyatazame," naye hunijibu, "Nitayatazama, Mama. Na mlango nitaufunga."